Pipa Moja, Bei Mbili: Kinachosahaulika katika Mgogoro wa Mvinyo wa Douro

Mwaka 2025, taasisi inayosimamia mvinyo wa bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, ilitangaza kwamba katika mavuno ya mwaka huo ni mapipa 75,000 tu ya mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa kwenye zabibu, yatakayoruhusiwa kugeuzwa kuwa mvinyo wa Porto. Mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa 90,000, mwaka 2023 ilikuwa 104,000, na mwaka 2022 ilikuwa 116,000. Maana yake ni kwamba ndani ya misimu minne mkulima wa Douro amepoteza zaidi ya theluthi moja ya soko analolitegemea kuliko jingine lolote. Habari hizo zimesomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema jambo ni rahisi: dunia imepunguza kunywa, hasa mvinyo mtamu na mzito, na kazi iliyobaki ni kung'oa mizabibu. Wapo wengine, na sauti yao ni kubwa zaidi huko Douro kwenyewe, wanaosema ugonjwa ni pombe ya kigeni inayomiminwa ndani ya mvinyo wa Porto, na kwamba siku pombe hiyo itakapotoka kwenye zabibu za Douro peke yake, shida itakwisha. Naona pande zote mbili zimeshika mkia zikadhani zimemshika ng'ombe. Mgogoro wa Douro unatokana na zabibu ya aina moja, kutoka shamba moja, kuuzwa kwa bei mbili zilizo mbali mno, na bei kubwa kutumika miaka mingi kuficha hasara ya bei ndogo. Hoja ya pombe ya kuongezea naiunga mkono, lakini itamfaa mkulima ikiwa tu itapimwa kwa kipimo hicho. Isipopimwa hivyo, itamwongezea umaskini kwa jina la uzalendo.

Msomaji wa Kiswahili ana mlango wa karibu wa kuingilia katika habari hii. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, kutoka kwenye vinho yao, na pipa ni neno lao hilo hilo ambalo halikubadilika hata herufi moja. Kwetu pipa ni chombo cha maji au mafuta. Douro nako ni chombo, lakini ni kipimo pia, lita 550, na ndicho kipimo ambacho ruhusa, mauzo na madeni ya bonde lile vimehesabiwa kwacho tangu zamani. Katika pipa moja la mvinyo wa Porto uliotengenezwa sasa hivi, takribani lita 435 ni mchuzi wa zabibu, kama wakulima wa Dodoma wanavyouita, na takribani lita 115 ni aguardente, pombe kali ya zabibu yenye kileo cha asilimia 77, ambayo jina lake maana yake ni maji yanayowaka. Zabibu hukanyagwa kwa miguu ndani ya birika pana za mawe ziitwazo lagari, au husagwa kwa mashine. Chachu huanza kula sukari na kuigeuza kileo, povu la zambarau hupanda, na msimamizi hupima utamu saa baada ya saa, hata usiku wa manane. Sukari ikishaliwa kama nusu yake, huamuru mchuzi uteremshwe haraka na kumiminiwa aguardente. Chachu hufa hapo hapo, utamu uliosalia hauguswi tena, na kileo hupanda hadi kati ya asilimia 19 na 22. Kwa hiyo, ukipanga mezani chupa tano za mvinyo wa Porto, ujazo wa moja kati ya hizo tano ni aguardente, nayo kwa sehemu kubwa hainunuliwi Douro. Hununuliwa kwingine, na nyingi huvuka mpaka kutoka Uhispania na Ufaransa.

Hapo ndipo hasira ilipozaliwa, na ni hasira ya haki. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliidhinisha euro milioni 15 kwa ajili ya Ureno ili mvinyo wa ziada uliojaa maghalani ukenekwe, yaani uchemshwe na mvuke wake ukusanywe kuwa kileo, kwa njia ile ile ambayo watu wa kwetu hupika gongo. Sheria ya mpango wa namna hiyo inasema kileo kinachopatikana kisirudi kwenye vinywaji, bali kiende viwandani, kwenye dawa za kusafishia, au kiwe nishati. Fikiria basi mkulima aliyeko juu ya ngazi za mawe za Douro, yaani vipande vya shamba vilivyopangwa mlimani na kushikiliwa na kuta, anavyoona mambo. Mvinyo wa nchi yake unageuzwa kuwa dawa ya kuoshea mikono kwa fedha ya umma, na wakati huo huo malori yanaleta aguardente ya kigeni ili iongezwe ndani ya mvinyo unaotokana na zabibu za kwao. Mtu yeyote aliyewahi kusimama shambani na zabibu zilizoiva huku mnunuzi haonekani, na Dodoma wapo wengi wa namna hiyo, hahitaji tafsiri ya hasira hiyo. Lakini hasira ya haki yaweza kuelekezwa pasipo haki, na ili kujua inapostahili kuelekezwa inabidi kurudi nyuma karibu miaka mia tatu.

Katikati ya karne ya 18 wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa na makao mjini Porto walikuwa wakinunua mvinyo wa Douro kwa wingi. Mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 ulikuwa umeushushia ushuru mvinyo wa Ureno ukawa chini ya ule wa Ufaransa kwa theluthi moja. Faida ilipokuwa kubwa, ulaghai ukafuata: mvinyo wa kwingineko ulichanganywa, na matunda ya mti wa sabugueiro yalitumiwa kuongeza rangi. Sifa ikaanguka, na bei ikaanguka nayo. Mwaka 1756 waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye historia inamjua zaidi kwa cheo chake cha baadaye cha Marquês de Pombal, aliunda kampuni ya kusimamia mashamba ya Douro ya juu, akaweka mipaka ya eneo hilo kwa nguzo za mawe ya matale, na miti ya sabugueiro ikaamriwa kung'olewa. Wengi hulisifu tendo hilo kama mwanzo wa ulinzi wa jina la mvinyo, na sifa hiyo ni ya kweli. Kisichotajwa sana ni kwamba kampuni hiyo iliyagawa mashamba katika makundi mawili. Mvinyo wa feitoria, uliokuwa wa kusafirishwa kwa Waingereza, uliwekewa bei ya juu. Mvinyo wa ramo, wa kunywewa katika vilabu vya nyumbani au kukenekwa kuwa aguardente, uliwekewa bei ya chini. Kampuni hiyo hiyo ilipewa pia haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza aguardente katika mikoa ya kaskazini. Mwaka 1757 wenye vilabu wa mji wa Porto waliandamana dhidi yake, na baadhi ya waandamanaji wakanyongwa. Bei mbili na ugomvi wa aguardente, kwa hiyo, ni pacha waliozaliwa siku moja na mipaka yenyewe.

Mfumo wa leo ni mjukuu wa ule. Unaitwa benefisio. Kila mwaka, kabla ya mavuno, baraza lenye wawakilishi wa wakulima na wa wafanyabiashara huketi katika taasisi ya mvinyo wa Douro na Porto na kuamua ni mapipa mangapi ya mchuzi yatakayoruhusiwa kumiminiwa aguardente. Ruhusa hiyo hugawiwa mashamba kwa alama. Hutazamwa mwinuko, mteremko, udongo, uelekeo wa jua, umri wa mizabibu, aina za zabibu na mavuno yake, kisha shamba hupangwa katika daraja kuanzia A hadi F. Shamba la A hupata ruhusa kubwa, la F hupata makombo. Zabibu zenye benefisio huuzwa kwa bei inayoweza kumlipa mkulima gharama zake na kumwachia kitu. Zabibu zinazozidi ruhusa hiyo, hata zikiwa zimechumwa kwenye mzabibu mmoja na zile za kwanza, huenda kwenye mvinyo wa kawaida wa mezani, na bei yake imekuwa sehemu ndogo tu ya ile nyingine.

Niliwahi kufika Pinhão, mji mdogo uliopo kwenye kingo za mto katikati ya bonde, ambapo ukuta wa stesheni ya reli umepambwa kwa vigae vya buluu na nyeupe vinavyoonyesha mavuno ya zamani: wanawake wakichuma, wanaume wakiteremka na vikapu vizito migongoni. Juu ya mji huo mzee mmoja alinionyesha mahali ambapo ruhusa yake ya mwaka ule ingekomea. Hapakuwa na uzio wala alama yoyote. Ulikuwa ukuta wa mawe makavu kama kuta nyingine zote, urefu wake haukufika kifuani, na mizabibu ya juu yake na ya chini yake ilikuwa ya umri mmoja, iliyopandwa katika mawe yale yale yanayobanduka kama magamba. Alisema kwa utulivu kwamba wachumaji huwalipa ujira ule ule pande zote mbili za ukuta.

Sentensi hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, ina uchumi wote wa Douro ndani yake. Gharama ya kuchuma, kupogoa na kujenga upya kuta zinazobomoka ni moja, kwa sababu mlima hauulizi zabibu inakwenda wapi. Kwa miaka mingi mkulima alivumilia kuuza zabibu za upande wa pili kwa hasara kwa kuwa fedha ya benefisio iliziba pengo. Wanunuzi nao walilijua hilo. Mvinyo wa mezani wa Douro, ambao ulitambuliwa rasmi kuwa na jina lake la asili mwaka 1982, umejijengea heshima kubwa, na kuna chupa zake zinazouzwa kwa bei ya juu katika miji mikubwa ya dunia. Mfano wa awali wa uwezo huo ni Barca Velha, mvinyo mkavu ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1952. Lakini heshima hiyo kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya malighafi iliyonunuliwa chini ya gharama, na tofauti ikilipwa na mnywaji wa Porto bila kujua. Mauzo ya Porto yalipoanza kupungua, tangu kuingia kwa karne hii, kilichopungua hakikuwa mapato ya mvinyo mmoja tu. Kiliporomoka kile kilichokuwa kikiishika mvinyo yote miwili.

Kwa hiyo wanaosema kwamba dunia imeacha kunywa wana ukweli nusu. Ni kweli kwamba Porto inauzwa kidogo kuliko miaka 25 iliyopita. Ni kweli pia kwamba ushuru wa asilimia 15 ambao Marekani iliuweka kwa bidhaa za Umoja wa Ulaya mwaka 2025 uliongeza uzito kwenye mzigo. Lakini upungufu wa wanywaji wa Porto hauwezi kueleza kwa nini zabibu za mvinyo wa mezani, ambao umepata sifa katika kipindi hicho hicho, zinauzwa kwa bei isiyolipa hata wachumaji. Na ushauri wao wa kung'oa mizabibu hauuoni mlima. Katika tambarare, shamba likiachwa hugeuka malisho au huoteshwa ngano. Katika Douro, ngazi ya mawe ikiachwa huporomoka, huiangusha iliyo chini yake, na kwenye miteremko ile hakuna zao jingine la maana litakalochukua nafasi ya mzabibu isipokuwa mizeituni na lozi kidogo. Wenyeji wana jina la ngazi zilizoachwa tangu wadudu wa filoksera walipoingia bondeni katika miaka ya 1860 na kuua mizabibu: wanaziita mortórios, yaani mahali pa wafu, na mpaka leo zinaonekana wazi milimani, zimefunikwa na vichaka. Mandhari ambayo mwaka 2001 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia si kitu kilichojengwa kikaisha. Hujengwa kila kipupwe na mikono ya wakulima wapatao elfu kumi na tisa, walio wengi wenye mashamba madogo.

Hoja iliyo dhaifu zaidi, hata hivyo, ni ya upande ninaoupenda. Inadai kwamba mvinyo wa Porto hauwezi kuitwa safi wala wa kweli hadi aguardente yake itoke Douro, kama ilivyokuwa enzi za mababu. Enzi hizo hazikuwepo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 aguardente ya Porto ilikenekwa kutokana na mvinyo wa ziada wa mikoa mingine ya Ureno, hasa ya kusini, na kugawiwa kwa mpango wa serikali, kwa sababu wakulima wa huko nao walikuwa na mvinyo usionunulika na sauti yao ilisikika Lisbon. Na tukirudi nyuma zaidi, mtetezi mkubwa wa usafi katika karne ya 19, mfanyabiashara Joseph James Forrester, aliyechora ramani ya mto Douro na kufa maji kwenye mto huo huo mwaka 1861 katika maporomoko ya Valeira, hakutaka aguardente bora. Hakutaka aguardente kabisa. Mwaka 1844 alichapisha hoja zake kwamba mvinyo uachwe uchachuke hadi mwisho bila kuongezewa pombe, na wanywaji wa Uingereza waliozoea utamu wakamkatalia. Anayetaka kujenga hoja juu ya usafi wa kale atajikuta ameupinga mvinyo wenyewe anaoutetea.

Zaidi ya hayo, makampuni ya Vila Nova de Gaia, mji unaotazamana na Porto ng'ambo ya mto, yaliko maghala ya mvinyo huo, yana hoja ya ubora ambayo haistahili kupuuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati aguardente ilipokuwa ikigawiwa na mamlaka, iligundulika kwamba sehemu ya pombe iliyotumika haikutoka kwenye zabibu hata kidogo, bali ilitengenezwa viwandani kwa kemikali, na vipimo vya kaboni ndivyo vilivyoifichua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makampuni yaliachiwa yajinunulie yenyewe, na waonjaji wengi wanakubali kwamba mvinyo wa Porto wa tangu wakati huo una pombe safi zaidi. Asilimia 20 ya chupa si kiungo kidogo, kama vile chumvi haiwi jambo dogo kwa kuwa kipimo chake ni kijiko. Kumlazimisha mtengenezaji anunue kwa jirani ambaye bado hajajenga mtambo wa kutosha ni kurudi kwenye mlango ambao ulaghai uliwahi kupitia.

Basi kwa nini naunga mkono aguardente ya Douro? Kwa sababu ya hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mapipa 75,000 ya mchuzi yanahitaji aguardente inayozidi lita milioni 10. Lita moja yenye kileo cha asilimia 77 hupatikana kwa kukeneka takribani lita 7 za mvinyo wa asilimia 11. Maana yake, pombe ya kuongezea ya mwaka mmoja ingemeza mvinyo wa lita milioni 70 hivi, au mapipa yapatayo 127,000. Idadi hiyo ni kubwa kuliko benefisio yenyewe. Kwa maneno mengine, soko linalotafutwa ng'ambo kwa ajili ya zabibu za ziada liko ndani ya pipa la nyumbani, tena linatosha kumeza sehemu kubwa ya ziada hiyo. Hakuna hoja ya upande wa pili inayoweza kuufuta ukweli huu, na ninaona ajabu kwamba mjadala wa hadharani huuacha na kukimbilia habari za usafi na damu ya Kireno.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ambao watetezi wa hoja hawapendi kuusoma kwa sauti. Pipa moja la mvinyo huhitaji kama kilo 750 za zabibu, kwa hiyo lita moja ya aguardente inakula kilo 9 na nusu. Tuseme mkulima alipwe nusu euro kwa kilo. Zabibu peke yake zitagharimu karibu euro 4 na senti 75 kwa lita ya aguardente, kabla ya kuni, mtambo na mshahara wa mkenekaji, na katika chupa ya Porto ya sentilita 75 gharama hiyo ya zabibu ni kama senti 75. Tuseme badala yake alipwe senti 20. Gharama katika chupa inashuka hadi senti 30, kampuni inatulia, na mkulima anapata euro 150 kwa kilo 750 alizozibeba mlimani, fedha ambayo haiwezi kuwalipa wachumaji. Aguardente inayotoka nje ni rahisi kwa sababu zabibu zake hulimwa katika tambarare pana, kwa mfano zile za Castilla-La Mancha huko Uhispania, ambako mashine hupita kati ya mistari na kuchuma usiku kucha. Mlima hauwezi kushindana na tambarare kwa bei ya tambarare. Sheria ikisema tu kwamba aguardente itoke Douro, bila kusema zabibu zake zitalipwa nini, soko litaitafuta bei ya chini kabisa, na mkulima aliyekuwa na bei mbili atakuwa na tatu: ya benefisio, ya mvinyo wa mezani, na ya mtambo wa kukeneka, huku hii ya tatu ikiivuta ya pili chini. Huo ungekuwa ufufuo wa mvinyo wa ramo wa mwaka 1756, na safari hii ungeshangiliwa na wale wale utakaowaumiza.

Wapo wanaojibu kwamba mjadala wote ni bure kwa kuwa soko huria la Ulaya haliruhusu nchi kulazimisha asili ya malighafi. Mfano wa jirani unawajibu. Huko Ufaransa, Pineau des Charentes hutengenezwa kwa kuchanganya mchuzi wa zabibu na Cognac, pombe kali ya zabibu iliyokenekwa, na masharti ya jina hilo yanataka vyote viwili vitoke katika eneo moja. Floc de Gascogne inafanya vivyo hivyo kwa Armagnac, pombe nyingine ya aina hiyo. Majina hayo yanalindwa na sheria ya Ulaya na hayajawahi kuonekana kama uhalifu dhidi ya soko. Masharti ya jina la asili ndiyo mahali halali pa kuandika kwamba kila kilichomo ndani ya chupa kinatoka mahali panapotajwa nje ya chupa.

Ureno yenyewe ina mifano ya aina hiyo, ingawa ni midogo. Lourinhã, kaskazini mwa Lisbon, ina aguardente yenye jina la asili linalolindwa, jambo ambalo maeneo machache sana ya Ulaya yanaweza kulidai, na mvinyo wake hutengenezwa kwa makusudi ya kukenekwa. Katika milima ya Monchique, huko Algarve, matunda mekundu ya mti wa medronheiro huchumwa msituni, huachwa yachachuke kwa wiki kadhaa, kisha hupikwa katika mitungi ya shaba na familia zile zile zilizoyachuma. Ginja ya Óbidos na Alcobaça, likea ya cheri chungu ambayo wageni huinywa katika vikombe vya chokoleti, nayo imefungwa kisheria kwa matunda ya eneo lake. Hakuna hata kimoja kati ya vinywaji hivi kinachoweza kulisha bonde zima la Douro. Hata hivyo vyote vinaonyesha kwamba mnywaji hulipa zaidi anapojua tunda limetoka wapi, na kwamba fedha hiyo ya ziada humfikia mchumaji pale tu ambapo njia kati yake na chupa ni fupi.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. La kwanza, aguardente ya Douro ianzie pale inapoweza kubebwa. Porto ya bei nafuu, ambayo Ufaransa, mnunuzi mkubwa kwa ujazo, huinywa kabla ya chakula, haitahimili nyongeza ya senti 60 au 70 bila kupoteza wanunuzi, na kila mnunuzi anayepotea huirudisha benefisio chini. Lakini Porto za madaraja maalumu, zile za mwaka mmoja wa mavuno, zile zilizokaa miaka 10, 20 au 40 katika mapipa ya mbao, huuzwa kwa bei ambayo nyongeza hiyo haionekani. Waliozinunua kwa sababu ya mahali zilipotoka ndio watakaojali kwamba sasa zimetoka huko kwa ukamilifu. Zikianza hizo, mitambo itajengwa kwa kadiri ya mahitaji, wakenekaji watajifunza, na ubora utapimwa na makampuni yenyewe kabla ya kulazimishwa kwa wote.

La pili ni zito zaidi, nalo halimfurahishi mtu. Benefisio yenyewe lazima ifunguliwe na kuangaliwa upya. Ilibuniwa kumlinda mkulima dhidi ya kuzalisha Porto kupita kiasi, na kwa muda mrefu ilifanya kazi hiyo. Leo inafanya na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiandika katika sheria: inalipia mvinyo wa mezani kwa jasho la mvinyo wa Porto. Makampuni yanayouza yote miwili yanajua hivyo, na baadhi ya viongozi wao wamelikiri hadharani. Wakulima wenye madaraja ya juu wanaogopa mageuzi kwa kuwa wana cha kupoteza, na wenye madaraja ya chini wanayaogopa kwa kuwa hawajui watapewa nini. Woga huo naufahamu. Lakini kila mwaka baraza linapopunguza mapipa, mageuzi yanafanyika hata hivyo, isipokuwa yanafanyika gizani na gharama yote inamwangukia yule asiye na ghala wala chapa.

La tatu ni bei kuandikwa kabla ya mavuno. Mkulima mdogo wa Douro mara nyingi hupeleka zabibu zake akiwa hajui atalipwa kiasi gani, kwa sababu zabibu zilizoiva haziwezi kusubiri mazungumzo, na mnunuzi anaweza. Mkataba wenye bei, unaohusu zabibu za pande zote mbili za ukuta pamoja na zile zitakazokwenda mtamboni, ungeonyesha mara moja ni nani aliyekuwa akiishi kwa hasara ya nani. Ungefanya pia kitu ambacho amri yoyote ya aguardente haiwezi kukifanya yenyewe: kumpa mkulima namba ya kwenda nayo benki mwezi wa Februari, anapoamua kama ataujenga upya ukuta ulioanguka kwenye mvua au atauacha.

Tangazo la benefisio ya msimu ujao litakapotoka, magazeti yataandika tena idadi ya mapipa kwa herufi kubwa, na watu watabishana kama imepanda au imeshuka. Mimi nitatafuta namba nyingine, ambayo kwa kawaida haitangazwi: bei ya kilo moja ya zabibu zilizochumwa chini ya ukuta ule wa Pinhão.